Mpini wa Mpera Mbichi

Kutoka Kongolo hadi Uvira nilitumia majuma matano: kwa reli mpaka ziwani, kisha juu ya magunia ya pamba kwenye malori, na kuanzia Fizi kwa miguu, kwa sababu waasi walikuwa wamechukua magari yote. Cheti changu cha sekondari kilikuwa ndani ya soksi. Huko Uvira, mtaa wa Kasenga, fundi mmoja wa visu alinipa mahali pa kulala, nami nikafanya kazi naye.

Wanawake wanaopasua samaki walimletea visu vyenye mipini iliyovimba na kuoza kwa maji. Alichonga mipya kwa mti wa mpera, akaitundika juu ya jiko miezi miwili, na kila Jumatatu aliipima kwenye mizani. Uzito ulipoacha kupungua, yaani maji yote ya mti yametoka, ndipo aliizamisha katika nta ya moto. Kopo la nta lilikaa ndani ya sufuria ya maji, uani, ili nta isiguse moto kabisa. Karibu yake kulikuwa na karai la mchanga.

Asubuhi moja alikuja mwasi mwenye bunduki. Alileta kisu kisicho na mpini na kipande cha mpera alichokata siku hiyohiyo.

"Baba fundi, ninataka leo."

"Iko mubichi, komanda. Ngoja miezi mbili."

"Miezi mbili? Mpini iko na mimba?"

Alicheka peke yake. Kisha akalitoa kopo kwenye maji, akalikalisha juu ya makaa.

"Komanda, nta itashika moto," fundi alisema polepole.

Mwasi alimwelekezea bunduki, na kwa mkono mwingine akatumbukiza mti wake.

Nta ilivimba kama maziwa yanayochemka, ikamwagikia makaa. Moto uliruka juu, na upepo wa ziwa ukausukuma upande wa nyumba, kwenye paa la nyasi. Nilinyanyua ndoo ya maji. Fundi aliipiga teke.

"Maji hapana! Itarusha moto fasi yote!"

Akamwaga karai zima la mchanga. Tulisimama tukiangalia nyasi za paa. Hazikushika.

Mwasi, aliyekuwa amekimbilia nje ya ua, alirudi, nyusi zimeungua.

"Mulitaka kuniunguza," alisema, akininyooshea kidole. "Jumapili nitakuja kumuchukua huyu. Kambini kuna mapanga mingi ya kutengeneza."

Alipoondoka, fundi aliokota kopo.

"Weye uende."

"Twende wote, baba."

"Miye nyumba yangu iko hapa. Akikukosa, nitamwambia ulikimbia na nta yangu."

Jumamosi asubuhi nilichanganyika na wanawake waendao sokoni, nikapita Kavimvira mpakani, nikavuka mto Ruzizi, nikatoka nchini. Nimeishi miji mingi tangu hapo, na Uvira sikurudi. Sijui kama Jumapili ile mwasi alimwamini.