Gitaa Hupakatwa

Sikwenda kujifunza gitaa kwa sababu nalipenda gitaa. Nilikwenda kwa sababu kazi ilikuwa imekwisha, jua bado liko juu, na sikutaka kufika Makadara. Haya, anayetaka kucheka na acheke.

Makadara ndiko alikokuwa mke wangu, kwa mamake, alikokwenda kukaa arubaini ya uzazi. Kwetu mwanamke akijifungua hurudi kwa mamake akandwe kwa maji ya moto, anyweshwe uji wa pilipili manga, alale. Mtoto akiwapo, arubaini ni raha tupu. Wetu hakuwapo. Alikuwa msichana, aliishi siku tatu, hata akika yake ya siku ya saba hatukuifikia. Mke wangu alikuwa amepasuliwa, yuko kitandani hospitali hawezi kusimama, na mtoto tukamzika alasiri ya siku ile ile aliyofariki, sisi wanaume, kama ilivyo ada. Wanawake wetu hawaendi mazikoni. Kwa hivyo mamake mtoto hakuona kitu. Aliona mwanawe akichukuliwa kitandani, basi.

Siku ya kwanza nilipokwenda kumtazama kwa mamake, aliniuliza neno moja tu: "Ulimbebaje?"

Nikamwambia, "Nilimbeba tu."

Kesho yake akauliza tena, na kesho kutwa. Nielezee, ulimbebaje? Nani alishuka kaburini? Alipokewa vipi? Na mimi nikamjibu yale yale, nilimbeba, tukamzika, Mungu amrehemu. Wallahi sikuwa namficha. Nilikuwa nikitafuta la kumwambia silioni. Nilikuwa nakula. Nilikuwa nalala usingizi mzuri tu. Asubuhi nakwenda ofisini kule Mbaraki kufuatilia mizigo ya watu bandarini, wenzangu wakicheka nacheka. Msikitini wakanisifu, mashallah, kijana ana subira. Subira gani? Mwenye subira ana kitu anachokivumilia. Mimi sikuwa na kitu. Wakaniambia kazi ya Mungu haina makosa, nikaitikia ndivyo, na ningeitikia ndivyo hata wangeniambia samaki wamepanda bei.

Arubaini ikatimia, mke wangu hakurudi nyumbani. Alinikalisha, akanitazama, akasema bila hasira, na afadhali angekasirika: "Wewe ndiwe uliyemuona mwanangu akienda. Mimi sikumuona. Na hutaki kunipa hata hilo. Siwezi kukaa nyumba moja na mtu kama huyo. Ukipata la kuniambia utanikuta hapa. Usipopata, mwisho wa mwezi mjomba wangu atakuja mzungumze."

Mjomba akija kuzungumza, haji kuzungumzia mvua. Nilijua hilo: angekuja kudai talaka. Mama mkwe alikuwa mlangoni akipepeta mchele, akasema bila kuinua uso, "Kimya kingi kina mshindo mkuu, mwanangu." Changu hakina mshindo wowote, nikasema moyoni, ni kimya tu. Nikaaga nikaondoka. Nilijua namkosa mke wangu, nilijua kwa akili, vile mtu anavyojua kuwa nyumba ya jirani ina kisima.

Basi siku ile natoka kazini, napita Ganjoni kwa miguu ili nichelewe, nikaona kibao kimefungwa kwa waya kwenye lango la ghorofa moja: GITAA HUFUNDISHWA, PANDA JUU. Nikapanda juu. Ningeona kibao cha kufundisha kushona ningepanda vile vile.

Mwalimu alikuwa mzee wa bara, Mkristo, aliyekuja Mombasa ujanani kufanya kazi ya reli, akastaafu papa hapa. Jumapili alipiga gitaa kanisani, siku nyingine alifundisha sebuleni kwake, dirisha wazi, honi za tuktuk zikiingia zitakavyo. Kiswahili chake alikiokota kwa majirani wa Kipwani, na kila neno aliloliokota alilitumia apendavyo yeye.

"Umewahi kushika gitaa?" akaniuliza.

"Sijawahi."

"Basi njoo, kaa hapa. Mpakate."

Nikadhani sikusikia vizuri. Kwetu anayepakatwa ni mtoto. Mkoba mtu atauweka mapajani, paka atamweka mapajani, lakini kupakata, mimi tangu nizaliwe nalisikia kwa mtoto. Tena gitaa ni li, si m. Angesema lipakate, labda lingenipita. Mzee hakuwa na habari. Alikuwa amenyosha mikono ananipa gitaa, ananingoja.

Nikalipokea kwa mikono miwili, viganja juu, limelala chali juu ya mikono yangu, kichwa chake mkono wa kushoto. Nikabaki hivyo. Sikujua lifuatalo.

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Ala! Ndivyo mnavyopokea gitaa huku? Hili gitaa au maiti? Mpakate, bwana! Mlaze hapa pajani, mkono wa kulia umzunguke, wa kushoto umshike shingo. Usimpeleke kuzikwa, hajafa huyu!"

Mtu mwingine angelia. Mtu mwingine angempiga. Mimi nililiweka gitaa pajani nilivyoagizwa, nikazungusha mkono. Yale maneno yalinipita kama redio ya jirani. Nakumbuka niliangalia kidoa cha chai kwenye meza yake nikawaza kwamba hapa hawatumii kisahani.

Nikawa nakwenda kila Jumanne na Ijumaa. Kwa nini nilirudi, sijui kusema. Pengine kwa sababu mzee hakuniuliza habari za nyumbani. Kazi yake ilikuwa kunitukana vidole. "Kidole hicho ni cha nani? Mbona kimelala kama mlinzi wa benki?" Waya zilinikata ncha za vidole mpaka zikafanya alama nyekundu, na usiku nikiosha mikono kwa sabuni zinachoma. Niliziangalia zile alama kwa muda. Zilikuwa zinauma kweli, na nikashangaa kidogo kwamba ni mimi ninayeumia.

Alinifundisha kukaza waya na kulegeza. Akanifundisha mshiko wa kwanza, vidole vitatu tu, watoto wa darasa la nne huuweza, akasema. Mimi sikuuweza. Nikipiga hutoka mlio mfu, tap tap, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba isiyo na watu. Mzee akajaribu kunibadilishia gitaa, akajaribu kunibadilishia kiti. Akaapa kwamba gitaa limerogwa. Siku zikaenda, mwisho wa mwezi ukawa wiki hiyo hiyo, na Makadara nikawa napita kusalimu tu, napewa chai, nakunywa, naondoka. Mke wangu hakuuliza tena. Hilo lingenitisha, lakini halikunitisha, na ndilo jambo lililokuwa baya kuliko yote.

Ijumaa ile mzee alisimama nyuma yangu, akainama, akatazama mkono wangu wa kushoto kwa muda bila kunitukana. Nikajua kuna jambo.

"Nimeona," akasema. "Shida si vidole. Wewe unamkaba. Tazama kiganja chako, kimeshika shingo kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Na mkono huu mwingine umembana kifuani hapumui. Gitaa likibanwa halilii, bwana. Mlegeze." Akanigonga taratibu vifundo vya vidole. "Mlegeze. Hakuna anayekunyang'anya."

"Walininyang'anya," nikasema.

Sauti ilikuwa yangu. Niliisikia kutoka nje, kama wewe unavyoisikia.

"Nani? Walikunyang'anya nini?"

"Mtoto."

Yakatoka hapo, kwa mzee wa watu ambaye hakuyaomba, na ndipo nami nilipoyajua. Tulipofika makaburini nilikuwa nimempakata mimi, tangu garini. Watu wazima hubebwa kwa jeneza, mtoto wa siku tatu hubebwa mikononi. Alikuwa ndani ya sanda, mwepesi, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa chini ya kichwa chake. Kaka yangu akashuka kaburini ampokee amlaze katika mwanandani, kile kichumba cha chini, ubavu wa kulia, uso kibla. Akanyosha mikono. Akasema, "Lete." Na mimi sikumpa. Nilisimama pale ukingoni watu wote wakinitazama, nikambana. Kaka akasema tena, "Lete, ndugu yangu, jua linashuka." Sikuleta. Ami yangu akaja kwa nyuma, akanishika kiganja, akanifungua vidole kimoja kimoja, polepole, anasema Bismillahi, Bismillahi. Akamchukua. Tangu pale sikumbuki nilisikia nini. Nadhani sijasikia kitu moyoni hata leo.

Mzee wa reli akakaa kwenye kiti. Alikuwa amejaa aibu, masikini, hajui mikono aiweke wapi. "Na mimi siku ile nikakutania maiti," akasema. "Ee Mungu wangu."

"Hukujua."

"Sikujua." Kisha akauliza, "Mamake mtoto anajua? Haya uliyoniambia mimi?"

"Hajui."

Akanichukulia gitaa mapajani, yeye mwenyewe, bila haraka. Akasema, "Kijana, leo hatusomi. Toka kwangu. Nenda."

Nilishuka ngazi nikapanda tuktuk. Dereva aliniuliza wapi, nikamwambia Makadara, akaniambia Makadara kuna foleni, nikamwambia twende hivyo hivyo. Niliogopa, na nilijua kuwa ni hofu, nikakaribia kuikaribisha kama mgeni.

Mke wangu alikuwa amekaa mkekani chumbani kwa mamake, anakunja nguo. Mama mkwe akatuona, akachukua ungo wake akaenda uani. Nikakaa mkekani mbele ya mke wangu, nimekunja miguu, na bila salamu ya maana nikaanza. Nikamwonyesha kwa mikono mitupu. Kichwa kilikuwa hapa. Miguu ilifika hapa, si zaidi. Garini nilimfunika jua kwa kiganja, ingawa uso ulikuwa umeshafunikwa. Kaburini alishuka kaka. Nikamwambia kaka alivyosema Lete, na Lete ya pili. Nikamwambia habari ya vidole.

Alinisikiliza ameshika shati langu alilokuwa analikunja. Nilipofika kwenye vidole alilitupa.

"Vyote?" akauliza.

"Kimoja kimoja. Ami ndiye aliyevifungua."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu wote."

Akaniangalia kwa namna ambayo sikuwa nimeangaliwa tangu hospitali. "Mimi nilidhani ulimtoa tu," akasema. "Siku zote hizi nalala hapa nawaza ya kwamba ulifika ukamtoa, kama mzigo wa bandarini, ukarudi. Nikawa nawaza, masikini mwanangu, hata hapakuwa na mtu wa kumkatalia asichukuliwe."

"Nilimkatalia."

"Ulimkatalia," akasema, na ndipo akalia, kilio cha sauti, mpaka mamake akachungulia mlangoni na kurudi uani. Mimi sikulia. Nilitaka, naapa nilitaka, nikakaa nikingoja, hayakuja. Mke wangu akanipapasa uso kutafuta machozi, hakuyapata, akanifuta hivyo hivyo mashavu makavu kwa ncha ya leso yake.

Baadaye akasimama, mkono mmoja tumboni pale alipopasuliwa, akamwita mamake ampe buibui.

"Haya twende," akaniambia. "Twende kwetu."

Nikajaribu kusimama nikashindwa. Miguu ilikuwa imekufa ganzi kwa kukaa mkekani, yote miwili, haina habari na mimi. Nikamwambia, "Nisubiri." Akasema, "Lo, na wewe nawe!" Akanipa mkono, yeye mwenye mshono, akanivuta.