Kazi ya Mikumi na meseji za mdogo wangu

Admin, nifichie jina, maana mama yangu ana watoto wa jirani wanaomsomea kila kinachoandikwa humu. Nina miaka 33, nimeachika, nina mtoto mmoja, nauza chai na vitumbua karibu na stendi ya Kilosa. Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa maneno. Nikikasirika mdomo unatangulia, na huu mdomo ndio umenifikisha hapa.

Kwetu ni Kidete. Tumezaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kiume, nitamwita Yona ingawa siyo jina lake. Ana miaka 24. Baba alifariki mapema, na mama akiwa shamba mimi ndiye niliyembeba mgongoni huyu mtoto. Hajawahi kuongea na mimi bila kuanza na shikamoo, hata tukigombana. Kuna siku nilimchapa makofi kwa kupoteza jembe, akalia mpaka akalala. Asubuhi akaja mlangoni kanuna vilevile, "Shikamoo dada." Ndivyo tulivyolelewa.

Yona alisomea mambo ya hoteli Morogoro. Tangu amalize alituma maombi ya kazi kila mahali na hakuna aliyemjibu, hata wa kumwambia hapana. Akaenda kukata miwa Ruhembe, akarudi mikono imechubuka. Baadaye akaona tangazo kwenye grupu la ajira: kambi mpya ya watalii Mikumi inatafuta wahudumu. Akatuma, akajibiwa hata chai yake haijapoa. Hapo ndipo tungeshtuka. Lakini ndugu zangu, mtu aliyezoea kunyamaziwa akijibiwa anaona Mungu amemkumbuka.

Aliyejibu alijitambulisha kuwa ni mama wa ajira. Maneno matamu, "pole na majukumu kijana wangu", "umeamkaje kijana wangu". Hakupiga simu hata mara moja, ni meseji tu. Yona alipouliza ofisi iko wapi akajibiwa, "Tuko ndani porini, huwezi kufika bila gari letu." Akaulizwa anaishi na nani, baba yupo, akipatwa na dharura apigiwe nani. Mimi nakaanga vitumbua huku namwambia jibu hivi, jibu vile, weka namba yangu. Mwisho akaambiwa asimwambie mtu mpaka asaini mkataba, maana waombaji ni wengi na watu wana husuda. Tukaona ni busara.

Akapanda basi la Mikumi. Alipofika stendi alinipigia, "Shikamoo dada. Gari imekuja, nyeupe, vioo vyeusi. Ila dereva nimemsalimia hajaitikia." Nikamcheka, nikamwambia huko ni kwa watu wakubwa, panda twende kazi. Sauti yake sijaisikia tena.

Meseji zikawa zinakuja kutoka namba yake. "Mambo dada, nimefika salama, kazi nzuri, kupiga simu hawaruhusu tutakuwa tunachati." Ya pili, "Niaje dada." Ya tatu hivyohivyo. Nikamwambia mama, akasema ni ujana, mshahara umempa kiburi. Roho yangu ikakataa. Siku moja nikamwandikia mimi, dada yake niliyembeba mgongoni, neno moja tu: "Shikamoo."

Akajibu, "Marahaba, hujambo?"

Nikakaa chini palepale pembeni ya jiko. Yona akiona neno hilo limetoka kwangu angecheka, angeniuliza nimelewa nini. Asingeitikia hata kwa utani, angeona anajitafutia laana. Mwenye akili angenyamaza, akaibeba ile simu akaenda kituoni. Mimi nikaandika kwa hasira, "Wewe ni nani? Tangu lini mdogo wangu akaitikia shikamoo ya dada yake?"

Kisha ile marahaba ikafutwa. Na tangu siku ile kila meseji inaanza, "Shikamoo dada." Kila moja. Za mama zinaanza, "Shikamoo mama yangu mpenzi." Huyo anayeandika nimemfundisha mimi mwenyewe. Wanasema mdomo huponza kichwa, ila kichwa chenyewe safari hii siyo changu.

Kituoni nilikwenda baadaye. Afande akasoma simu, akaniuliza, "Mtu mzima, yuko kazini, anakusalimia kwa adabu namna hii, amepotea vipi?" Nikamweleza habari ya marahaba, akasema mdogo wako alikuwa anakutania. Mama naye hanisikilizi. Anawaonesha wenzake kanisani zile meseji, anasema mwanangu adabu imemrudia, dada yake ndiye ana kijicho.

Sasa juzi mama wa ajira amenitafuta mimi. "Pole na majukumu binti yangu. Yona anasema unapika vizuri, na huku tunahitaji mpishi. Jumatatu ushuke stendi ya Mikumi, gari nyeupe itakufuata. Njoo peke yako, usimwambie mtu." Nikamwomba niisikie sauti ya Yona kwanza, hata kidogo tu. Akajibu, "Ukifika mtaongea."

Naogopa, sitaki kudanganya. Nisipoenda, watakata mawasiliano na sitakuwa na pa kuanzia kumtafuta mdogo wangu. Nikienda, nina mtoto wa miaka saba ambaye atabaki na bibi asiyeamini kama kuna tatizo. Mama nilimwonesha hiyo meseji, naye ameshakaanga karanga, amezifunga vizuri, kasema nimpelekee Yona maana anazipenda.

Wakati naandika hapa imeingia nyingine: "Shikamoo dada. Jumatatu usichelewe." Naiangalia tu, siwezi kuiitikia. Ninyi mnaosoma, mwenye ndugu aliyewahi kuitwa hivi aniambie, nilipande hilo gari au nifanye nini? Leo ni Jumamosi.