Kipande cha Simu cha Zaituni

Redio ya baba ilikuwa na mluzi mwembamba ambao sisi wengine hatukuujali. Dada yangu Zaituni ulimchoma kama pini. Ikiwashwa, alijifunga kanga kichwani na kuyumbayumba mkekani, nyumbani kwetu Kyebando, Kampala, miaka ile jeshi lilipotawala Uganda. Hakumtazama mtu machoni, na alichokisikia alikirudia neno kwa neno kwa sauti ya aliyekisema. Majirani walimwita mwehu. Siku moja aliokota mkono wa simu mbovu jalalani, akang'oa kipande cha kusikilizia, akakiunga kwenye redio mahali pa spika. Mluzi haukupita mle. Akatulia, akasikiliza saa nzima, na nyumba ikanuka waya ulioungua. Baba, muuza duka, aligundua faida nyingine: aliyekishika tu ndiye aliyesikia. Sasa angeweza kusikiliza habari za nje, zilizokuwa zimekatazwa, bila ukuta kujua. Alimsifu binti yake kwa kila aliyemwamini.

Kumbe mmoja wao hakustahili kuaminiwa. Askari walikuja mchana, tukiwa tumemaliza kula. Baba akasema anasikiliza Kurani tu, afande. Mkubwa wao akamgeukia Zaituni. "Wewe mutoto, mzee yako nasikia nini kwa hii kitu?" Dada yangu, ambaye hakujua kudanganya, alitazama ukuta akaisoma taarifa yote ya jana yake, aliyoisikia baba alipompa kipande kile, kwa sauti nzito ya mtangazaji: miili iliyoonekana mtoni, watu waliopotea. Askari walicheka kwanza. "Huyu redio kamili," akasema mkubwa. Kisha wakamfunga baba mikono kwa waya ule ule wa redio. Hatukumwona tena. Shangazi, dada wa baba, alilia, halafu akatamka kwamba mdomo wa Zaituni ndio uliomla kaka yake, na ukoo mzima ukaitikia. Niliacha shule, nikaanza kutangatanga.

Juzi nilirudi Kampala, nikajipenyeza kwenye mkutano kwa ajili ya chai ya bure. Bwana mmoja mwenye suti akaeleza kwamba watu wenye usonji, hali ile ile ya Zaituni, ni hazina ya teknolojia, kwani kinachowaudhi wao huonyesha kasoro tuliyoizoea sisi. Watu wakapiga makofi. Walikuwa wapi siku zile? Nikaenda kwa shangazi, nikamkuta Zaituni, mvi kichwani, akila peke yake uani kwa sababu kuna wageni. Nikamwambia shangazi mbele yao wote, "Aliyemchukua baba alikuwa na bunduki." Nikabeba sahani yangu, nikaenda uani kula na Zaituni.