Nati Kwenye Pindo la Msuli

Nianze na aibu yenyewe ili nipumue. Nilimimina dumu zima la oili mpya kwenye injini ambayo chini haina nati, huku mama mkwe wangu amekaa kwenye kiti ananitazama, na mimi namweleza, kwa sauti ya ualimu, faida za mtu kujitengenezea gari lake mwenyewe. Nati ilikuwa kwenye pindo la msuli wangu. Msuli ulikuwa kwenye beseni la sabuni. Oili ilikuwa mchangani. Kila kitu kilikuwa na mahali pake isipokuwa akili yangu.

Naishi Mapinga, kazi yangu iko mjini, nauza vigae kwenye duka la mtu. Natoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri ili niwahi foleni, narudi watoto wameshalala. Wanangu nawafahamu zaidi kwa migongo, maana ndivyo wanavyolala. Siku yangu ya kupumzika ni Jumamosi, na Jumamosi ile nilikuwa nimechoka uchovu wa ndani ya mifupa, ule ambao hata ukilala unaota umechoka.

Lakini Jumapili, niliyoiombea ruhusa kazini, kulikuwa na safari ya Msata. Mama mkwe, anayekaa Kerege, alitaka kwenda kumwona dada yake mkubwa, anaumwa. Yule dada alituma salamu fupi: "Aje wakati bado namtambua." Mimi nilishaahidi kumpeleka, nikashindwa. Safari ya kwanza niliitwa kazini, ya pili betri ikafa. Mama mkwe hakulalamika. Alisema tu, "Haya baba, Mungu akipenda." Mkwe akikwambia hivyo kwa upole ule, ujue umeshawekwa fungu la watu wasiomaliza mambo. Na fungu hilo nalistahili. Shule niliishia kidato cha pili. Nyumba imeishia kwenye linta upande wa uani. Fensi imeishia pale nguzo zilipoishia.

Gari nalo lilikuwa limepitiliza servisi. Nilichomoa kile kijiti cha kupimia nikakuta oili nyeusi kama kahawa ya msibani, tena ya jana yake. Fundi wangu alikuwa kasafiri kwenda kuzika. Kumpeleka mama wa watu Msata na oili ile, gari likatufia njiani, nishindwe kwa mara ya tatu, afadhali ningehama mkoa.

"Nitaifanya mwenyewe," nikamwambia mke wangu. "Nimeangalia video."

"Ile ya jana? Si ulilala katikati."

"Nililala mwishoni."

Basi asubuhi hiyo nikavua shati, nikafunga msuli, nikapandisha magurudumu ya mbele juu ya mbao nene zilizobaki kwenye ujenzi, nikaweka mawe nyuma. Huku kwetu mtu akimwaga oili habari hutembea. Rafiki yangu, jirani wa upande wa pili wa ile fensi isiyoisha, akapaza sauti kutoka kwake, "Chafu usiimwage, mwenzangu! Mchwa wananimalizia banda!" Oili chafu tunapaka nguzo za mabanda, mchwa hawaigusi. Nikamwambia ataipata.

Nikaingia chini. Nati ya sampo, ile ya kutolea oili chini ya injini, ilikuwa imekazwa na mtu mwenye kinyongo. Nilivuta spana mpaka nikaona nyota, ikalegea, oili ikashuka kwenye beseni na nyingine kwapani kwangu. Nati nikaifunga kwenye pindo la msuli, kama marehemu babu alivyokuwa akifunga hela zake, maana kitu kidogo kikianguka kwenye mchanga wetu umekizika. Nikajisifu kwa hilo. Nikafungua filta ya zamani, nikapaka oili kidogo kwenye mpira wa filta mpya, nikaikaza kwa mkono, yote vilevile kama kwenye video. Nikawa nimelala pale chini nasubiri matone yaishe. Palikuwa na kivuli, pametulia, na sikumbuki lini mara ya mwisho nimelala mchana. Nadhani nilisinzia.

"Hodi wenyewe!"

Nikafungua jicho, nikaona viatu vya mama mkwe. Alikuwa aje baada ya alasiri. Kaja kabla hata ya adhuhuri, na mkoba wake wa safari, asije akaachwa.

Sasa kwetu mama mkwe haoni magoti yako. Hilo halijaandikwa popote ila kila mtu analijua. Na mimi miguu yangu yote ilikuwa nje ya gari, msuli umepanda mpaka panapoitwa si vizuri.

"Shikamoo mama," nikasema kutoka chini ya injini.

"Marahaba mwanangu." Viatu vikageuka vikatazama fensi. "Uko hapo?"

"Nipo mama. Natoka."

"Wala usihangaike. Mimi natazama maboga ya jirani."

Nikatokea upande wa pili kama kaa, nikakimbilia bafuni uani. Nikaoga, nikavaa suruali ya kazini na shati la mikono mirefu, nikarudi kumsalimia kama mtu mwenye heshima zake. Za Kerege, za watoto, za shamba, za mgonjwa. Tulipofika kwenye za mgonjwa akaupakata mkoba wake. "Anasubiri," akasema. Tukala. Wali ukaniingia miguuni. Mke wangu akauona ule msuli umelowa oili, akautumbukiza kwenye beseni la sabuni, akiniapiza kimoyomoyo.

Nikarudi kwenye gari. Mama mkwe akahamisha kiti chake kivulini karibu na mimi. Kuingia tena chini niichafue suruali ya kazini, tena mbele yake? Haiwezekani. Lile beseni la oili chafu nikalivuta kwa jembe kutoka mbali. Nikakata chupa ya maji iwe faneli, nikaanza kumimina, na maneno nayo yakaanza.

"Unaona mama, filta ndiyo figo la gari. Mafundi hawa wengi wanakuibia. Ukijua mwenyewe, hudanganywi."

"Enhee," akasema.

Nikamimina dumu likaisha. Mchanga wa pwani hauna kelele. Ungekuwa udongo wa bara pangekuwa na dimbwi, ningeshtuka mapema. Huu wetu unakunywa kimya kimya kama mgeni mwenye adabu. Nikachomoa kijiti, kikavu. Nikakifuta, nikarudia, kikavu. Nikakipuliza, sijui kwa nini.

Mama mkwe akainamisha shingo akatazama chini ya gari. Akakohoa kidogo.

"Mwanangu, nisamehe, mimi sijui magari. Lakini naona kama linajisaidia."

Nikatazama. Mstari mwembamba wa dhahabu ulikuwa unamalizikia mchangani. Ndani mke wangu akauliza, "Na hiki kichuma kwenye msuli ni cha nini?" Nilikaa chini, na suruali yangu ya kazini, nikashika kichwa. Hata kucheka sikuweza, na mimi hucheka mpaka kwenye foleni. Nilikuwa nimechoka, nimechoka na mimi mwenyewe. Nikasubiri ile "Mungu akipenda."

Haikuja. Mama mkwe akasimama, akageuza kiti chake kikatazama ukuta wa nyumba, akakaa, akajitanda khanga yake vizuri.

"Vaa huo msuli wako uingie huko chini. Mimi sikuoni."

Msuli ulikuwa unachuruzika maji. Nikauvaa hivyohivyo. Nikaingia na nati na spana. Yeye anaongea na ukuta.

"Imeingia?"

"Imeingia mama."

"Kaza."

"Nimekaza."

"Kaza tena. Dada yangu anasubiri."

Nikakaza tena. Kisha nikapanda bodaboda kwenda barabarani kutafuta oili nyingine, na msuli ukanikaukia njiani. Niliporudi mama mkwe alikuwa palepale, bado katazama ukuta. Nikamimina kidogo, nikainama, nikatazama mchanga. Nikamimina tena, nikainama tena. Mpaka linajaa mgongo ulikuwa si wangu.

Jumapili tukafika Msata. Mgonjwa alikuwa amelala kwa ubavu, kakonda, ila alipoisikia sauti akamwita mdogo wake kwa jina lake la utotoni. Wakashikana mikono muda mrefu. Halafu akauliza, "Kakuleta nani?"

"Mkwe wangu," mama mkwe akajibu. "Gari alilitengeneza mwenyewe."

Habari za mchanga hakuzigusa. Mimi nikatoka nje, nikaomba mkeka, nikalala kama mzigo mpaka waliponiamsha kula.

Jioni tuliporudi, rafiki yangu alikuwa anapaka nguzo zake. Akaniuliza kama tulifika, nikamwambia tulifika, na mgonjwa kamtambua. Akamshukuru Mungu. Kisha akaja mpaka pale kwangu, akalitazama lile doa mchangani, akachuchumaa, akalichota kidogo kwa kidole, akalinusa.

"Mwenzangu," akasema, "mimi mchwa wangu nawapaka chafu. Wa kwako umewafanyia servisi kamili. Na filta umewawekea?"