Shamba la Baba Zenon

Tangu aolewe kijijini Mollo, Dominika hakuwahi kusema kitu cha nyumbani ni chake. Kuku ni wa Baba Zenon, jembe la Baba Zenon, hata kanga aliyojifunga, ukiisifia, atakwambia ni ya Baba Zenon. Ndivyo alivyofundwa: mke humtanguliza mumewe. Adabu nzuri, sikatai, ila ilimponza.

Baba Zenon, yaani Fabiani, alipopata mwanamke mwingine alidai talaka. Baraza la usuluhishi la kata lilishindwa kuwapatanisha, kesi ikaenda mahakama ya mwanzo. Kwa Kanisa, Dominika alijua, angebaki mke wa mtu mpaka kufa. Alichokililia ni shamba la bondeni walilolinunua pamoja. Kila mwaka aliinama pale akifukia nyasi ndani ya ntumba, yale matuta ya duara, hadi mgongo ukagoma kunyooka.

Redempta, msaidizi wa sheria, alimfundisha njia nzima ya kwenda mahakamani. "Mama, sheria inahesabu jasho lako. Ukiulizwa, sema shamba ni letu."

"Letu," Dominika alirudia.

Mahakamani aliapa kwa Biblia. Fabiani alikuwa ameketi na kaka zake wakubwa. Hakimu akauliza, kwa upole kabisa, shamba ni la nani.

"La Baba Zenon," mdomo ukajibu wenyewe.

"Na wewe ulichangia nini?"

Dominika aliwatazama mashemeji zake, akainamisha kichwa. "Mimi nilikuwa namsaidia tu, mheshimiwa."

Redempta alifumba macho. Shamba likaenda kwa Fabiani, Dominika akaambulia vyombo na mbuzi. Redempta akamsihi wakate rufaa kabla muda haujapita.

"Nikasemeje, mwanangu? Niliapa. Nirudi kumwambia Mungu nilidanganya?"

Alirudi kuishi kwa dada yake. Mvua zilipoanza, alipita bondeni akienda kulima kibarua. Mke mpya, mgeni kutoka Milepa asiyemfahamu, alikuwa akivunja ntumba ili apande mahindi.

"Shikamoo, mama. Hebu ona udongo ulivyolainika! Mimi nimezikuta tu. Hizi ntumba ni za nani?"

"Marahaba. Ni zangu," alisema Dominika.

Neno lilitoka lenyewe, wala halikumkwama. Akashika njia yake akilia waziwazi, kwani jamani, safari hii hapakuwa na hakimu wa kuliandika.