Nguchiro wa Mlinzi na Kitambaa cha Mama Kung'aa

Sufuria za jikoni mwa shule ile ungeweza kujitazamia na kuchania nywele. Ndiyo maana mpishi aliitwa Mama Kung'aa, na jina likamkaa. Begani hakuachana na kitambaa cheupe: afute meza, afute sahani, afute mikono, akirudishe begani. Kumgusia habari za usafi ilikuwa kutafuta balaa.

Darasa zima lilipoharisha, hakusubiri kuulizwa. Alimsingizia nguchiro wa mlinzi, mnyama mdogo wa porini aliyelelewa getini tangu akiwa mchanga, akila kwenye kibakuli cha bati. Alimwambia mwalimu mkuu kwamba amemwona akinusa sahani. Hakumwona.

Mlinzi, mtu wa haya, alimbeba mwenyewe akamwachia porini, ng'ambo ya barabara. Kisha akaja jikoni kuomba radhi, na Mama Kung'aa akamjibu kwamba yamekwisha, kwa sauti ya mtu aliyekosewa. Kesho yake nguchiro alijaribu kurudi nyumbani. Lori likamgonga.

Wiki ile ile bwana afya alileta majibu ya maabara. Bakteria waliowaletea watoto ugonjwa wamekutwa jikoni, tena mahali pamoja tu: kwenye kile kitambaa. Mama Kung'aa akashikilia kwamba ni nguchiro.

"Mama, nguchiro ana miguu minne, akiingia utamwona," bwana afya alisema kwa upole. "Bakteria huyu hana hata mmoja. Anangoja abebwe."

Kikulacho ki nguoni mwako, na chake kilikuwa begani. Alikivua mbele ya wasaidizi wake, uso umemwiva kwa aibu, asijue akiweke wapi.

Alikwenda getini. Kabla hajafungua kinywa, mlinzi akamkabidhi kile kibakuli.

"Nimekisugua kwa maji ya moto, dada. Kitafaa jikoni. Mimi sina tena wa kumlisha."

Alikipokea kwa mikono miwili. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Sikumwona, kaka," alisema. "Nilisema uongo. Ugonjwa nimeubeba mimi, kwenye kitambaa changu."

Mlinzi alitazama barabarani.

"Watoto wamepona?"

"Wamepona."

"Haya." Akakitoa kibakuli mikononi mwake taratibu, akakirudisha chini pale pale kilipokuwa kikikaa siku zote.