Siku Bibi Alipoutaja Mzizi

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Mlabani palikuwa na jina moja lisilotamkwa. Halikuwa jina la marehemu wala la jini. Lilikuwa jina la mzizi. Bibi, mzaa mama, aliuchimba ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro, akauvusha kwa pantoni ukiwa umefungwa kwenye kitenge chini ya samaki wakavu, kwani daraja lilikuwa bado halijajengwa. Mama yangu aliunywa kila alfajiri kwa ajili ya presha.

Masharti yake yalikuwa machache na makali. Mzizi ulinywewa kabla ya kumsalimu mtu yeyote, tumbo likiwa tupu, na aliyeunywa hakutia kitu kinywani mpaka jua lipande juu ya mapaa. Tena haukutajwa. Ukitajwa mbele ya mgeni, Bibi alituambia, huondoka mwilini mwa aliyeunywa, na mkono wa aliyeuchimba hukauka, usiponye tena maisha yake yote.

"Hukaukaje, Bibi? Kama kambare?" nilimwuliza.

"Kama ulimi wako utakavyokauka ukiuliza tena, mume wangu."

Nilicheka, lakini niliamini. Sote tuliamini, hata mama, ambaye kila Jumapili alikuwa kanisani kabla ya kengele ya pili.

Msimu mmoja wa kupandikiza mpunga, mgongo wa mama ulikataa. Aliinama majini asubuhi, na jioni hakuweza kuinuka. Walimrudisha nyumbani juu ya baiskeli, amejikunja, uso ukitazama magoti yake. Hospitali walimpa vidonge vya maumivu wakamwambia apumzike, neno ambalo mkulima wa bonde letu hulisikia kama tusi wakati wa mvua. Ndipo jirani alipomwelekeza kwa tabibu wa Kichina aliyekuwa amepanga chumba nyuma ya maduka ya nguo, mwanamke wa makamo ambaye mji mzima ulimwita Mama Sindano.

Habari zake zilinitisha kuliko za fisi. Ilisemekana kwamba sindano zake huingia mwilini bila kutoa tone la damu. Na damu isiyotoka nje, watu waliuliza, imekwenda wapi? Wengine walinong'ona kwamba ni mumiani. Bibi alisikiliza yote, kisha akajifunga khanga.

"Nitakwenda naye. Akitaka kufyonza, aanze na mimi. Yangu chungu, itamtapisha."

Shule ilikuwa imefungwa na nyumbani hapakuwa na wa kuniachia, hivyo nami nikafuatana nao.

Mshangao wa kwanza ulinipata kabla sijaona sindano hata moja. Mama Sindano alituamkia vizuri, akampa Bibi shikamoo yake kamili, kisha akamwambia mama atoe ulimi. Kwetu sisi, kumtolea mtu mzima ulimi ni utovu wa adabu unaoadhibiwa kwa fimbo. Mama alimtazama mama yake, akanitazama mimi mwanawe, akafumba macho, akautoa. Nilitazama sakafu kwa aibu yake.

Kisha yule tabibu akaweka vidole vitatu juu ya kifundo cha mkono wa mama, akanyamaza, akahamia mkono wa pili, akanyamaza tena. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nikijifunza kupima mizani ya shairi kwa kugonga vidole mezani, nilikumbuka utulivu ule.

"Anasikiliza nini huko?" Bibi aliniuliza kwa sauti ambayo haikuwa ya siri hata kidogo. "Mkono una mdomo?"

"Una mdomo, Bibi," Mama Sindano akajibu bila kuinua macho. "Tena hauna uwongo."

Akampima presha, akaiona nzuri. Akauliza: ana mimba? Hapana. Ana ugonjwa wa presha, sukari au moyo? Hapana. Anatumia dawa nyingine, ya hospitali au ya nyumbani? Mama alimtupia Bibi jicho. Bibi alikuwa akitazama dari.

"Hapana," mama akasema.

Akapewa mafungu ya majani, magome na vipande vya mizizi mikavu, achemshe na kunywa baada ya chakula. Sindano zingeanza atakaporudi, na siku hiyo, tabibu akasisitiza, asije na njaa. Njiani Bibi alicheka peke yake. "Kumbe na wao wanachimba," alisema.

Mama alizinywa dawa zile mbili kwa pamoja, alfajiri, tumbo tupu. Sharti la mzizi lilikataza chakula, na sharti la Mchina lilikuwa la mgeni. Hakuna aliyeona tatizo. Ya Bibi ilikuwa ya presha, ya Mchina ilikuwa ya mgongo, zingekutana wapi?

Tuliporudi kwa Mama Sindano, mama aliulizwa kama amekula, akajibu kwamba amekula. Tabibu alipasua pakiti mbele ya macho yetu, akaeleza kwamba kila sindano hutumika mara moja kisha hutupwa. Zilikuwa nyembamba kama unywele. Zilipoingia mgongoni, nilitarajia mama apige yowe. Hakushtuka hata kidogo.

"Ukisikia uzito au ganzi, ni kawaida," tabibu alimwambia mama, aliyekuwa amelala kifudifudi. "Lakini ukisikia kichefuchefu, kizunguzungu au jasho la baridi, sema mara moja. Usivumilie."

Usivumilie! Alimwambia hivyo mwanamke aliyefundishwa kuvumilia tangu alipojua kutembea. Mama alivumilia. Nilikuwa nimekaa upande ule uso wake ulikogeukia, nikaona jasho likimtiririka puani hadi kwenye shuka, midomo ikawa na rangi ya majivu, kisha macho yake, yaliyokuwa yakinitazama, yakaacha kunitazama ingawa yalibaki wazi.

"Mama!"

Sikumbuki nilivyofika mlangoni kumwita tabibu. Nakumbuka sindano zikichomolewa upesi, mama akigeuzwa chali, miguu yake ikiinuliwa juu ya mto, na mkono wake mmoja ukining'inia nje ya kitanda kama kitu kisicho na mwenyewe. Tabibu alipima presha, akapima tena kana kwamba haamini. Kisha akamgeukia Bibi.

"Amekunywa nini?"

Bibi alikuwa amesimama ukutani, viganja vyote viwili kinywani.

"Bibi, mimi sitaki siri yako. Nataka kujua kilicho tumboni mwake."

"Nikiutaja, utamtoka."

"Basi utaje!" Mama Sindano alipaza sauti kwa mara ya kwanza. "Ninachotaka ni kimtoke!"

Bibi alimtazama kama mtu aliyezabwa kofi. Naiona sura ile mpaka leo. Alikuja polepole hadi kitandani, akainama sikioni kwa binti yake, kisha akainua kichwa na kulitaja jina la mzizi, kwa Kindamba cha kwetu, kwa sauti kubwa, kama mtu anayemwita aliye ng'ambo ya mto. Ndivyo nilivyolisikia jina lile kwa mara ya kwanza.

"Unafanya nini mwilini?" tabibu aliuliza.

"Unashusha presha. Na hajala, mwanangu. Haruhusiwi kula."

Nilimwona Mama Sindano akishika ukingo wa kitanda. Dawa zake nazo zilikuwa na tabia ya kuishusha. Akatoka mbio kutafuta gari. Mama alipelekwa hospitali nyuma ya pikapu ya mfanyabiashara wa mchele, akatundikiwa dripu, na Bibi akalitaja tena jina lile mbele ya daktari, safari hii bila kuombwa. Jioni mama alifumbua macho, akauliza kama mlango wa nyumbani umefungwa.

Alipona. Akaanza vidonge vya presha vya hospitali, na baada ya muda akarudi kwenye sindano, akiwa ameshiba na akiwa ameeleza kila kitu. Mgongo haukupona kwa muujiza. Ulilegea polepole, akarudi shambani.

Bibi alichimba tena mara moja tu, kwa ajili ya jirani. Mzizi haukumsaidia jirani yule kwa lolote. Bibi hakushangaa. Alinionyesha kiganja chake, nami nikakitazama sana, nikaona kiganja kilekile chenye sugu za jembe.

"Umekauka," alisema.

"Unasikitika, Bibi?"

"Mkono ukikauka, mume wangu, bado unashika kikombe. Mtoto akikauka, utamshika wapi?"

Sasa mimi ni mtu mzima, na shingo yangu, kwa kuinama juu ya karatasi, imenipeleka mara kadhaa kwenye kitanda kama kile. Wanaokwenda kwa mara ya kwanza huniuliza kama zinauma. Nawaambia wale chakula kwanza. Waone pakiti ikifunguliwa mbele yao, waseme mara tu jasho la baridi linapoanza, wasiache vidonge vya hospitali kimyakimya. Na wakiulizwa wanakunywa nini, wataje vyote, hata kile walichokatazwa na bibi zao.

Jina la mzizi ule sitaliandika hapa. Kitabu hakina mgonjwa kitandani. Wala sijui hadi leo kama mkono wa Bibi ulikauka kweli, au aliuacha ukauke. Ninachokijua kinanishtua zaidi kadiri ninavyokua: aliliamini onyo lile neno kwa neno, na bado akafungua kinywa. Kila ninapolala kwenye kitanda kile, tabibu akaniuliza, "Unatumia dawa nyingine?", nasikia sauti ya mwanamke ikiita hadi ng'ambo ya mto, nami najibu.